Kabla Hajafika Mtaroni

Katika baa za Dar es Salaam, Arusha au Nakuru kuna sifa inayompa mtu heshima mezani: hata akinywa chupa nane hayumbi, hatukani mtu, na kesho yake saa mbili asubuhi yuko kazini amechomekea vizuri. Wenzake husema anaimudu pombe. Mara nyingi ndiye hukabidhiwa funguo za gari awarudishe nyumbani waliolewa. Daktari wa magonjwa yatokanayo na pombe akikaa kwenye meza hiyo, mtu atakayemtilia shaka kwanza ni huyo.

Kutoyumba huko ni dalili kwamba ubongo umeshajipanga upya ili uishi na pombe. Pombe huongeza nguvu ya kemikali inayoutuliza ubongo, iitwayo GABA, na huikandamiza ile inayouchangamsha, glutamati. Ubongo unaotulizwa hivyo kila jioni haukai kimya. Hupunguza usikivu wake kwa kitulizo na kuongeza nguvu upande wa uchangamfu, mpaka pande mbili zinalingana tena kama timu zinazovutana kamba na kitambaa cha katikati hakisogei. Ndiyo maana chupa mbili zilizomtosha mtu mwaka juzi zimekuwa nne, kisha sita, na bado anaonekana mzima. Ini nalo hujizoesha kuivunja pombe haraka kuliko zamani. Kilichopungua hasa ni hisia ya kulewa. Moyo, kongosho, umio na ini lenyewe vinapokea mzigo ulioongezeka, na aliyekabidhiwa funguo anashika usukani akiwa na pombe tele kwenye damu.

Miaka ikipita, kwa baadhi mambo hugeuka. Ini lililochakaa hushindwa kazi, na mtu aliyekuwa akimaliza nusu kreti analewa kwa glasi mbili. Jamaa hufurahi wakidhani amepunguza.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tuna picha moja tu ya mtu aliyeharibiwa na pombe: amelala mtaroni, kiatu kimoja hakipo, watoto wanamzunguka wakimcheka. Picha hiyo imegharimu maisha ya watu wengi, kwa sababu kila mnywaji ambaye hajafika mtaroni huitumia kujihakikishia kwamba yu salama. Betty Ford, mke wa Rais Gerald Ford wa Marekani, alinaswa na picha hiyohiyo. Mwaka 1978, zaidi ya mwaka mmoja baada ya wao kuondoka Ikulu, mumewe na watoto walimkalisha nyumbani kwao California, na kila mmoja akamweleza aliyokuwa ameyaona. Alikubali kulazwa katika hospitali ya jeshi la majini ya Long Beach. Vidonge alivyokuwa akivitumia kupita kiasi alivikiri mapema. Pombe ilichukua muda zaidi. Baadaye alieleza kwamba hakuweza kujiona mlevi kwa sababu alikuwa nadhifu, mwenye adabu, na hakuwa mtu wa kumaliza chupa nzima. Miaka minne baada ya matibabu hayo, mwaka 1982, kituo cha tiba alichosaidia kukianzisha kilifunguliwa huko Rancho Mirage kikiwa na jina lake.

Madaktari walijua zamani kwamba kumuuliza mtu anakunywa kiasi gani hakufiki mbali. Jibu la kila mahali ni bia mbili tatu. Mwaka 1968 daktari John Ewing wa Chuo Kikuu cha North Carolina alianza kutafuta maswali machache yatakayolizunguka jibu hilo, na mwaka 1984 aliyachapisha manne katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Hakuna hata moja linalotaja idadi ya chupa. La kwanza linahusu kama mtu amewahi kuona kwamba yampasa apunguze. La pili, kama amewahi kuudhiwa na watu wanaomsema kwa kunywa kwake. La tatu, kama amewahi kujisikia mwenye hatia kwa sababu ya pombe. La nne, kama amewahi kuanza siku kwa kunywa ili atulize mwili au aondoe uchovu wa jana. Anayejibu ndiyo kwa mawili au zaidi anastahili kuchunguzwa kwa makini.

Swali la nne ndilo linalopaswa kutushtua zaidi, na ndilo tulilolizoea kuliko yote. Tanzania watu wanazimua. Kenya wanatoa lock. Jumapili asubuhi supu ya kongoro huja na bia moja pembeni, na hakuna anayeona ajabu. Aliyefanya hivyo mara moja baada ya harusi ya nduguye hana la kuogopa sana. Lakini mfikirie fundi cherehani ambaye saa moja asubuhi uzi haumuingilii kwenye tundu la sindano. Anaulowesha mate, anausokota, anaukata upya kwa meno, vidole vinatetemeka. Anatoka dakika chache, anarudi akiwa amekunywa gongo nusu kikombe. Baada ya nusu saa mikono imetulia, uzi umepita, na mpaka mchana anashona mishono iliyonyooka. Mteja akimwona atasema pombe inamsaidia fundi huyu kufanya kazi. Kwa kweli fundi anatibu ugonjwa ulioletwa na pombe ya jana kwa pombe ya leo, na jioni atalazimika kunywa tena ili asubuhi isiwe mbaya zaidi.

Hapo ndipo ile kamba inapofundisha. Pombe ikitoka mwilini, upande wa kitulizo umeachia ghafla, na upande wa uchangamfu bado unavuta kwa nguvu zote. Saa 6 hadi 12 baada ya kinywaji cha mwisho huja mtetemeko, jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio, wasiwasi na kukosa usingizi. Kwa walioathirika zaidi, degedege linaweza kumpata mtu ndani ya siku mbili za kwanza, hata kama hajawahi kuugua kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne baadhi huchanganyikiwa kabisa: huona wadudu ukutani, huzungumza na watu wasiokuwepo, joto hupanda, shinikizo la damu hupanda. Nyumbani hali hiyo huchukuliwa kuwa amerogwa au ana pepo, na saa za kumwokoa hupotea njiani. Asipotibiwa anaweza kufa.

Zamani hata madaktari waliamini kwamba degedege na kuweweseka huko kunatokana na lishe mbovu ya walevi. Mwaka 1955 Harris Isbell na wenzake huko Lexington, Kentucky, waliwapa pombe kwa wiki nyingi wanaume waliolishwa vizuri, kisha wakawakatishia ghafla. Waliokunywa muda mrefu zaidi ndio waliopata degedege na kuweweseka. Watu hao walikuwa wafungwa, na leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingeruhusu jaribio kama hilo. Lakini hoja ilithibitika kwamba kuacha ghafla, kwa mwili uliokwisha kuzoea, ni hatari yenyewe.

Kwa hiyo ile desturi ya kumfungia ndugu chumbani siku tatu apate adabu inapaswa kukoma. Mtu anayetetemeka asubuhi, au aliyewahi kupata degedege alipoacha, aanzie hospitalini. Kuacha pombe ghafla ni jambo analoweza kufia.

Turudi kwenye bia mbili tatu, kwa sababu hata msema kweli hujidanganya katika hesabu. Shirika la Afya Duniani huhesabu kinywaji kimoja kuwa gramu 10 za pombe halisi. Chupa ya bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20, yaani vinywaji viwili. Chupa ndogo bapa ya mililita 200 ya pombe kali yenye asilimia 35 ina zaidi ya vinywaji vitano, nayo huingia mfuko wa shati. Mbege ikinywewa kwa kata inayozunguka, au ulanzi, au busaa, hakuna anayejua amekunywa gramu ngapi. Na gongo au chang'aa ya leo inaweza kuwa kali kupita ya jana kutoka jiko lilelile. Kwa mnywaji wa kilabuni ushauri wa kuhesabu vinywaji hauna pa kushika. Kwake inafaa zaidi kutazama pombe inamfanyia nini.

Hilo ndilo linalofanywa kwa sehemu kubwa na maswali kumi yanayojulikana kwa kifupi kama AUDIT. Shirika la Afya Duniani liliyatengeneza kwa utafiti uliofanywa katika nchi sita, na Kenya ilikuwa mojawapo, pamoja na Australia, Bulgaria, Marekani, Mexico na Norway. Yalichapishwa mwaka 1993. Matatu ya kwanza yanauliza kiasi, likiwemo lile la mara ngapi mtu hunywa vinywaji sita au zaidi kwa mkupuo. Na vinywaji sita, kwa hesabu ya hapo juu, ni chupa tatu tu za nusu lita. Saba yaliyobaki yanauliza kama hushindwa kuacha akishaanza, kama ameshindwa kufanya aliyotarajiwa kufanya, kama hunywa asubuhi, kama ana majuto, kama husahau yaliyotokea, kama yeye au mwingine ameumia kwa sababu ya pombe yake, na kama ndugu au daktari ameshawahi kumwambia apunguze. Jumla ya alama ni 40. Alama 8 kwenda juu ni onyo. 20 kwenda juu kuna uwezekano mkubwa wa utegemezi. Maswali hayo, pamoja na yale manne ya Ewing, yamefanyiwa majaribio kwa Kiswahili cha Tanzania huko Moshi, kwa wagonjwa walioumia kichwa waliofikishwa Hospitali ya KCMC, kwa hiyo tabibu hana haja ya kutafsiri papo kwa papo.

Swali la kusahau lingefaa kuulizwa zaidi ya linavyoulizwa. Mtu anaamka hajui alifikaje nyumbani, ilhali jana alitembea mwenyewe, akalipa bodaboda, akasalimiana na jirani. Hakuwa amezimia. Pombe ilipopanda kwa kasi, sehemu ya ubongo inayoweka kumbukumbu iliacha kuandika, huku nyingine zikiendelea na kazi. Mezani watu hucheka wakimsimulia aliyoyafanya. Ikijirudia, hiyo ni habari ya kumpeleka kwa daktari.

Orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, imerahisisha utambuzi wa utegemezi wa pombe ukawa mambo matatu, na mawili yakionekana yanatosha. Moja ni kushindwa kujitawala: mtu alisema ataondoka saa mbili usiku, akaondoka saa saba, na jana ilikuwa hivyo, na juzi. Lingine ni pombe kupanda daraja juu ya mambo mengine. La tatu ni mwili wenyewe, yaani uzoefu unaodai kiasi kikubwa zaidi, au mtetemeko pombe ikikosekana. Kwa kawaida huangaliwa mwenendo wa miezi 12. Kwa anayekunywa karibu kila siku, miezi 3 inaweza kutosha.

La pili kati ya hayo ndilo gumu kuonekana kwa sababu huja polepole. Ada ya mtoto imechelewa wiki moja, lakini bili ya baa haijachelewa. Msiba wa jamaa anahudhuria akiwa ameshajua duka la karibu la vinywaji liko wapi. Griffith Edwards na Milton Gross, walioueleza utegemezi wa pombe kitaalamu mwaka 1976, walitaja dalili nyingine ambayo familia inaweza kuiona kabla ya hospitali: namna za kunywa hupungua. Zamani alikunywa kidogo katikati ya wiki na zaidi Jumamosi, hapa bia, pale divai, akiwepo rafiki fulani. Sasa ni kila siku, saa ileile, kitu kilekile, kiasi kilekile, na kuwepo kwa rafiki hakuna tofauti tena. Kunywa kumekuwa na ratiba kama ya dozi.

Nyumba ambazo dini imekataza pombe zina dalili zao. Chupa ya soda isiyoonjeshwa mtu, pipi za mnanaa mfukoni kila siku, kurudi nyumbani wote wakiwa wamelala, kuhama chumba Ramadhani inapokaribia. Mtu huyu ana mizigo miwili, kwa sababu akiomba msaada atakuwa amekiri pia kosa la dini. Wanawake nao hubanwa na aibu kuliko wanaume, ingawa wengi wao ndio wapikaji wa pombe za kienyeji na huionja wakiwa kazini. Kwa kiasi kilekile cha pombe, damu ya mwanamke kwa kawaida hupata mkusanyiko mkubwa zaidi, kwa kuwa mwili wake una maji machache. Madhara humfikia mapema, na msaada humfikia kwa kuchelewa. Daktari au muuguzi anapaswa kuwahakikishia wote hawa usiri kabla hajauliza swali la kwanza.

Ukubwa wa jambo lenyewe haufichiki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani mwaka 2019. Nchini Kenya, utafiti wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulikadiria kwamba mtu 1 kati ya 20 wenye umri wa miaka 15 hadi 65, jumla yao zaidi ya milioni 1.3, ana uraibu wa pombe. Serikali zimebana upatikanaji: Kenya kwa sheria ya mwaka 2010 iliyozoeleka kwa jina la mbunge Mututho, iliyoweka saa za kufungua baa, na Tanzania kwa kupiga marufuku viroba, vile vifuko vidogo vya plastiki vya pombe kali, Machi 2017. Kumtambua mtu mmoja aliyeanza kuzama, hata hivyo, hakufanywi na sheria.

Na kumtambua mapema kuna faida ambayo wengi hawaijui. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2014 ulionyesha kwamba watu wazima 9 kati ya 10 wanaokunywa kupita kiasi hawajafikia utegemezi. Hao ni wengi, wanaumia na kuumiza, lakini bado mwili haujawafunga. Kwao mazungumzo mafupi na mhudumu wa afya, yasiyo na lawama, yana nafasi. Tusiahidi miujiza: mapitio ya tafiti 69 yaliyotolewa na mtandao wa watafiti wa Cochrane mwaka 2018 yaliona kwamba waliopata mazungumzo hayo walikunywa, mwaka mmoja baadaye, gramu 20 pungufu kwa wiki kuliko wasiopata. Hiyo ni kama chupa moja ya bia. Kwa mtu mmoja ni kidogo; kwa wilaya nzima si kidogo, na huduma hiyo ni ya robo saa tu na haihitaji dawa wala mashine. Huko Moshi watafiti wa KCMC wametengeneza huduma ya aina hiyo kwa Kiswahili, iitwayo Punguza Pombe Kwa Afya Yako, ambapo muuguzi hukaa na majeruhi kando ya kitanda na kuzungumza naye wakati jeraha lenyewe bado linauma na swali la pombe halihitaji utangulizi mrefu. Inastahili kuigwa katika kila wodi ya majeruhi wa bodaboda.

Nyumbani pia mazungumzo yana wakati wake. Usiku, mtu akiwa amelewa, hakuna la maana litakalosikika. Asubuhi ya siku ambayo ametulia, mke, kaka au rafiki wa kweli anaweza kumweleza alichokiona kwa macho: Jumanne hukukumbuka kumchukua mtoto shule, mara ya tatu mwezi huu umeanguka bafuni, mikono yako ilikuwa ikitetemeka ulipomwaga chai. Kumwita mlevi kunamfanya abishane kuhusu jina. Tukio lenye siku na mahali ni gumu kulibishia.

Zile dawa za kuacha pombe zinazotangazwa kwenye nguzo za umeme, za kumwekea mtu kwenye chakula bila yeye kujua, ziepukwe kabisa. Dawa halisi iliyokaribia wazo hilo ni disalfiramu, ambayo watafiti Jens Hald na Erik Jacobsen wa Denmark waligundua nguvu yake miaka ya 1940 walipokuwa wakiichunguza kwa ajili ya minyoo: walipoimeza na kunywa pombe waliugua. Humfanya mtu apate wekundu usoni, moyo kupiga kwa kasi na kutapika, na kwa mwenye moyo mbovu inaweza kuua. Hutolewa kwa anayejua, aliyekubali, na aliyepimwa.

Hospitalini, mwenye utegemezi mkubwa hupewa kwanza dawa ya kutuliza kama diazepamu, ikipunguzwa kidogo kidogo kwa siku 5 hadi 7 hivi, pamoja na thiamini, vitamini ambayo ikikosekana hudhuru ubongo wa mnywaji hadi akashindwa kutembea sawasawa na kukumbuka. Wiki hiyo huisha haraka, na familia hudhani kazi imekwisha. Kazi yenyewe inaanza hapo: ushauri wa miezi, vikundi vya wanaosaidiana, na pale zinapopatikana, dawa kama naltreksoni au akamprosati za kupunguza hamu. Edwards na Gross walikwisha kueleza ugumu wa kipindi hiki. Utegemezi uliomchukua mtu miaka mingi kuujenga hurudi ndani ya siku chache tu akianza tena, hata kama alikaa miezi bila tone. Kwa sababu hiyo daktari makini humwambia mgonjwa na anayemuuguza, kabla hawajatoka wodini, kwamba akiteleza arudi kliniki wiki hiyohiyo bila kusubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.